Filamu ya Wanafunzi: Mzazi Aulize Nini Mbele ya Kutia Kidole

(Maongezi yaliyosomwa kwenye radio katika kipindi cha elimu ya uraia na amani. Yamechapishwa kwa ajili ya familia zilizohama na viongozi wa vijiji wa Lubero, Butembo na Beni ambao hawakuweza kusikiliza.)

Ninyi mliolala jana chini ya paa la mtu mwingine, nawasalimu kwa namna ya pekee. Nanyi wenye paa hilo, ambao mmekula nusu sahani tangu wageni wafike, nawasalimu vilevile, kwa sababu mara nyingi tunawasahau.

Nilikuwa nimeahidi kwamba leo tungeongea juu ya mashamba ya kukodi. Mnisamehe, hayo yatangoja. Nimepata barua ambayo haiwezi kungoja. Imetoka kwa baba mmoja aliyekimbia na watoto wake. Binti yake amepata nafasi katika masomo ya huku alikokimbilia, na masomo hayo yamefanya urafiki na masomo ya ng'ambo. Wanafunzi wa huku na wa kule wanataka kutengeneza filamu moja pamoja. Si filamu ya kuigiza, ni filamu ya mambo ya kweli, juu ya maisha ya watoto waliohama. Mwalimu amegawa karatasi ili wazazi watie sahihi. Baba huyu anauliza: "Nitie kidole ao nikatae? Na kama nikikatae, binti yangu ataonekana namna gani mbele ya wenzake?"

Swali hilo si dogo. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa mashambani na nyumbani mwao. Tangu Juni 2024, Kanyabayonga ilipotekwa na M23, familia nyingi zilipanda barabara ya kaskazini kuelekea Lubero na Butembo, mama na godoro kichwani, mtoto na sufuria. Mtu aliyepita njia hiyo anajua kwamba jina la kijiji likitajwa mahali pabaya linaweza kuwa hatari. Sasa anaambiwa mtoto wake asimame mbele ya kamera aseme. Ana haki ya kuuliza.

Kwanza niwasimulie jambo langu mwenyewe, ili msifikiri ninasema kama mtu aliyekaa juu ya mti.

Nilipokuwa bado mwanafunzi wa sheria, nilipata kazi ya siku tatu ya kutafsiri. Wageni walikuja na kamera. Sitawataja, na haina faida kuwataja. Tulikaa na mama mmoja kwenye baraza ya kanisa. Alisema yote: kijiji chake, njia waliyopita usiku, nani alichoma nyumba, na mume wake alibaki wapi akijificha. Mimi nilitafsiri neno kwa neno. Nilifurahia sana Kifaransa changu siku ile. Hakuna aliyeniuliza filamu itaenda wapi, nami sikuuliza. Miezi michache baadaye kipande cha filamu ile kilikuwa kinapita sokoni kutoka telefoni moja hadi nyingine. Mama alinitafuta. Hakunitukana. Alisema tu: "Mwana wangu, si wewe uliyenipeleka pale?" Alikuwa amepanga kurudi kuvuna maharagwe yake. Hakurudi, kwa sababu uso wake na maneno yake vilikuwa vimekwisha kumtangulia. Maharagwe yale yaliliwa na wengine. Nilisoma sheria miaka mitano, na somo lile sikulipata darasani.

Basi mngefikiri nitamwambia baba huyu akatae. Sivyo. Ngojeni kidogo.

Kuna kisiwa kimoja upande wa mashariki wa Canada, kinaitwa Fogo. Ni kisiwa cha wavuvi, chenye baridi na mawe. Katika miaka ya 1960 samaki walipungua, na serikali ilikuwa inafikiria kuwahamisha watu kuwapeleka bara. Vijiji vya kisiwa kile vilikuwa kama kumi, na havikupatana: dini mbalimbali, ugomvi wa zamani, kila kijiji na masomo yake. Kila mtu alilia peke yake. Mwaka 1967 alifika mtengeneza filamu mmoja, Colin Low, wa ofisi ya filamu ya taifa. Pamoja na watu wa chuo kikuu cha kule walirekodi wavuvi wakisema magumu yao. Zilitoka filamu fupi zaidi ya ishirini. Lakini sikilizeni walivyofanya. Filamu hazikukimbizwa kwenda mji mkuu. Zilionyeshwa kwanza kwa watu wenyewe waliorekodiwa, nao walikuwa na ruhusa ya kusema, "Hapo mnitoe." Kisha zikapita kijiji kwa kijiji. Mvuvi wa kijiji hiki akamsikia mvuvi wa kijiji kile, ambaye hakuzoea kuketi naye, akisema shida ileile kwa maneno yaleyale. Baadaye wakubwa wa serikali nao wakaziona. Watu wa Fogo hawakuhamishwa. Walianzisha koperative yao ya samaki, na mpaka leo iko.

Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyookoa kisiwa. Watu waliokutana ndio waliookoa. Lakini filamu iliwafanya wasikilizane bila kukatana maneno, kwa maana mtu aliye kwenye kitambaa cheupe huwezi kumjibu kwa hasira; inabidi umngoje amalize.

Karibu na kwetu, kule Mtwara, kusini mwa Tanzania, wavuvi wa miaka ya 1990 walifanya jambo linalofanana na hilo. Wenzao walikuwa wanalipua samaki kwa baruti na kuharibu bahari. Wakasema mbele ya kamera ya video, na maneno yao yakafika kwa wakubwa ambao hawangekuja kuwasikiliza ufukoni. Na katika kambi ya Kakuma, Kenya, shirika la FilmAid limewafundisha vijana wakimbizi kushika kamera wao wenyewe. Hata Goma yetu, kituo cha Yole!Africa kilichoanzishwa na Petna Ndaliko Katondolo kimewafundisha vijana wengi wa Kivu kutengeneza filamu, kucheza na kuimba, wakati risasi zilikuwa bado zinalia karibu. Filamu yake Jazz Mama ya mwaka 2010 ilionyesha wamama wa Kongo kama watu wenye nguvu, si kama vidonda vya kutazamwa tu. Mwenzake Chérie Rivers Ndaliko, aliyefundisha pia katika chuo kikuu cha North Carolina, Marekani, aliandika kitabu mwaka 2016 juu ya sanaa ya mashariki mwa Kongo na juu ya misaada inayokuja na kutawala. Swali lake linatufaa hapa: anayelipia kamera, je, amelipia pia maneno?

Swali hilo ni la zamani. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walijaribu kutengeneza filamu za kufundisha Waafrika: kilimo, afya, kodi. Waigizaji walikuwa Waafrika. Aliyeamua filamu iseme nini hakuwa Mwafrika. Miaka imepita karibu tisini, kamera imekuwa ndogo inaingia mfukoni, na bado ninaona karatasi za urafiki wa masomo ambapo upande mmoja una mawazo na upande mwingine una magumu ya kurekodiwa.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mzazi aulize ni hili: wao watarekodi nini huko kwao? Kama watoto wa ng'ambo wanataka kuona tunavyolala, tunavyopanga mstari wa maji, tunavyokula, basi nasi tuone wazee wao wanakaa na nani, nani katika darasa lao hana rafiki, wageni wanapokelewa namna gani katika mji wao. Nao wana wageni. Watu wengi wa Kongo wamepelekwa Marekani kama wakimbizi. Katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky, Kiswahili kinasikika madukani na katika masomo kwa sababu yao. Inawezekana kabisa mtoto atakayejibu barua ya binti yako ana nyanya yake Kirumba. Kama jibu la masomo yale ni kwamba wao hawatarekodi kitu, wao watatazama tu na kupanga, basi huo si urafiki wa masomo. Ni ziara, na mgeni hajavua hata viatu.

Swali la pili ni la sheria, na hapo niruhusuni niseme taratibu kidogo, maana wengi wanafikiri sheria ni ya watu wenye gari. Katiba yetu ya Februari 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri. Kifungu cha 41 kinasema mtoto ni yule ambaye hajatimiza miaka 18. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliukubali, una mambo mawili yanayotembea pamoja: kifungu cha 12 kinampa mtoto haki ya kutoa mawazo yake na kusikilizwa, kifungu cha 16 kinakataza kuingia ovyo katika maisha yake na ya jamaa yake. Wazazi wengine wanakamata kimoja na kuacha kingine. Baba anasema, "Mtoto wangu hatasema kitu." Hapo amevunja cha 12. Mwalimu anasema, "Mtoto amependa mwenyewe." Hapo amesahau cha 16. Vyote viwili lazima viwe mezani: mtoto apende, na mzazi akubali. Mmoja akikataa, imekwisha.

Na kukubali maana yake nini? Nyanya aliyetia kidole kwenye karatasi ya Kifaransa hajakubali kitu, amepaka wino tu. Karatasi isomwe kwa sauti, katika Kiswahili ao Kinande, na mtu mwingine asiye wa masomo awe hapo anasikiliza. Karatasi ziwe mbili, moja ibaki kwako. Ndani iandikwe filamu itaonyeshwa wapi: darasani tu? katika ukumbi? kwenye intaneti? Kuna tofauti kubwa, kwa sababu kitu kilichoingia kwenye intaneti hakitoki, hata rais hawezi kukitoa. Iandikwe kwamba mtaona filamu mbele ya watu wengine kuiona, na kwamba mnaweza kusema, "Kipande hiki kitoke." Kule Fogo mwaka 1967 waliweza. Sioni kwa nini sisi tusiweze.

Jambo jingine: msikubali kutia kidole mkiwa kwenye mstari wa kungoja maharagwe ao mahema. Mtu mwenye njaa hakatai. Ndugu wa mashirika, ninyi pia mnasikia: siku ya kugawa chakula si siku ya kugawa karatasi za filamu.

Wengi wataniuliza juu ya franka. Nawaambia wazi: kwa kawaida mtoto halipwi katika kazi kama hizi, na ahadi kubwa za fedha ziwatie shaka. Lakini haki za waliotunga zipo hata hivyo. Sheria yetu juu ya watunzi ni ya tarehe 5 Aprili 1986. Majina ya wanafunzi wetu yaandikwe kwenye filamu sawasawa na ya wale wa ng'ambo, isipokuwa kama usalama unayakataza, na filamu ikiuzwa siku moja, masomo yote mawili yajue. Kamera ikiletwa, iandikwe katika daftari la vitu vya masomo, si katika mfuko wa mtu. Ninasema hivyo bila kumtazama yeyote.

Sasa usalama. Hapo ningeomba hata watoto waache kucheza wasikilize. Msitaje jina la kikundi cha silaha, lolote. Msirekodi askari, wala kizuizi cha barabara, wala daraja lenye ulinzi, hata kama kamera imeelekezwa kwa mbuzi na askari yuko nyuma tu. Mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa état de siège Mei 2021, na kijana mwenye kamera asiye na karatasi anaweza kuitwa mpelelezi na upande wowote. Prefe wa masomo aombe ruhusa ya maandishi kwa msimamizi wa eneo, chefu wa kijiji ajulishwe, na karatasi hiyo itembee na watoto. Uso si lazima uonekane. Mikono inayomenya viazi inasema mengi. Mgongo wa mama anayepanda na dumu la maji unasema. Sauti inaweza kusimulia bila uso, na jina la kijiji linaweza kuwa "kwetu". Kwa kawaida telefoni inaandika ndani ya picha mahali na saa iliporekodiwa. Mwalimu azime jambo hilo mbele ya kuanza. Na mtoto aliyeona mauaji asiombwe kuyasimulia kwa ajili ya filamu. Kama anataka kusema, kuna watu wa kumsikiliza bila kamera.

Wasimulie nini, basi? Hapo naweza kusema mawazo yangu, ninyi mtapima.

Katika Lubero wengi wa waliohama hawakai kambini. Wanakaa katika nyumba za watu, makanisani, katika masomo. Darasa moja asubuhi ni la wenyeji, jioni la wageni, ao wote wamebanana kwenye benchi moja wanne wanne. Mama aliyekimbia analima shamba la mwenyeji kwa sahani ya viazi, na mwenyeji anasema kazi haikufanyika vizuri. Kwenye chemchemi kuna maneno: nani alifika kwanza, nani ameharibu njia. Hayo ndiyo yanayotutenganisha kila siku, na hakuna anayekuja kuyarekodi kwa sababu hayana damu. Mimi ningependa filamu juu ya chemchemi. Mtoto wa mwenyeji na mtoto wa mgeni wapewe telefoni moja kwa wawili, waende kumuuliza mwenye shamba, kisha mama anayelima, kisha mzee anayelinda maji. Mmoja ashike picha, mwingine aulize, kesho wabadilishane. Mtoto wa mwenyeji atalazimika kukaa kimya, akiangalia mkono usitetemeke, wakati mama wa rafiki yake anaeleza kwa nini anachota maji usiku. Kazi ya amani inaanza pale, mbele hata ya filamu kuwapo.

Sitawaficha magumu ya kazi yenyewe. Umeme hakuna katika vijiji vingi, betri inazimika katikati ya neno tamu. Video ni nzito kuituma. Intaneti ya hapa kwetu inaweza kukaa usiku mzima na isimalize, na fedha zimekwisha. Afadhali kuchagua vipande vifupi, ao kumpa msafiri anayeaminika ile kadi ndogo afike nayo mjini. Kumbukeni nakala moja ibaki masomoni. Lugha nayo ni kazi: Kinande kinageuzwa Kiswahili, Kiswahili Kifaransa, Kifaransa Kiingereza, na mwishoni nyanya amesema jambo ambalo hakulisema. Wanafunzi wetu wasome maandishi ya mwisho yanayopita chini ya picha na kuyasahihisha. Mimi nilishatafsiri vibaya maisha ya mtu, najua ninalosema.

Nanyi machefu na wazee, filamu ikimalizika, iwe ya kwanza kuonyeshwa huku. Kitambaa cheupe kwenye ukuta wa parokia, jenereta ya kuazima, jioni moja ya soko. Zamani kijana wa kwetu alijifunza kwenye kyaghanda, akikaa karibu na moto na kusikiliza wakubwa. Jioni ile mtageuza mambo kidogo: wakubwa watakaa, vijana watasema, kisha chefu atoe nafasi ya maswali. Kama filamu inaonyesha kwamba chemchemi imefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwako, usikasirike. Leta ufunguo.

Baba uliyeniandikia, nakujibu. Kesho usitie kidole, wala usikatae. Rudi kwa mwalimu pamoja na wazazi wengine wawili ao watatu, wenyeji na waliohama, muulize maswali haya. Muulize binti yako pia, mkiwa wawili tu, kama anapenda kushika kamera, ao anapenda kuulizwa, ao hapendi lolote. Anaweza kuwa katika kundi bila kuonekana hata mara moja: kuandika maswali, kutafsiri, kushika kinasa sauti. Kama mwalimu anajibu vizuri na karatasi inarekebishwa, tia kidole chako na uchukue nakala yako. Kama anakasirika kwa sababu umeuliza, nenda na karatasi yako nyumbani. Binti yako hawezi kufukuzwa masomoni kwa sababu hiyo, na kama mtu akijaribu, niandikie tena na tutakwenda pamoja kwa prefe.

Juma lijalo tutaongea juu ya mashamba ya kukodi, safari hii kweli. Wenye maandishi ya mapatano ya shamba, hata yale yaliyoandikwa kwenye kipande cha daftari, myalete kwa watu wa kipindi hiki kabla ya Alhamisi.